Tangi la Samaki Likipata Ufa: Historia Fupi ya Kioo, Puti na Silikoni



Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali nzuri kwa nyumba za udongo, kwa ndoa, na hata kwa programu za kompyuta. Lakini kuna mahali pamoja ambapo methali hii inagoma kabisa kufanya kazi, nako ni kwenye kioo cha tangi kubwa la samaki. Hapo hata ukiuziba ufa, ukuta utaujenga tu. Leo nataka tuulizane ni kwa nini, na ni nani waliotufikisha mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kujenga upya ukuta huo sebuleni mwake akiwa na wembe, tepu na mrija mmoja wa silikoni.

Najua mlizoea kunisoma nikiandika kuhusu programu na seva. Msihofu, hesabu zitakuwepo. Sababu ya mimi kuchimba habari hizi ni tangi la mjomba wangu kule Kisumu, lakini hilo nitalifikia baadaye. Tuanze na historia kwanza.

MSHONAJI WA NGUO NA PWEZA

Ukiuliza nani alibuni tangi la samaki la kioo, wengi watakutajia Mwingereza fulani. Mimi nataka tuanze na mama mmoja Mfaransa aitwaye Jeanne Villepreux-Power. Alizaliwa mwaka 1794 katika kijiji cha Juillac, akaenda Paris akawa mshonaji wa nguo, kisha akaolewa na kuhamia Messina katika kisiwa cha Sicily. Huko hakukaa tu akipunga upepo wa bahari. Alianza kuchunguza viumbe wa baharini, na hasa pweza mmoja wa ajabu anayeishi ndani ya gamba jembamba jeupe kama karatasi.

Wakati huo wataalamu walikuwa wakibishana. Je, pweza huyu hutengeneza gamba lake mwenyewe, au ni mwizi anayeingia katika gamba la mwenzake kama afanyavyo kaa wa pwani? Huwezi kujibu swali hilo kwa kutazama pweza aliyekufa ndani ya chupa ya spiriti. Lazima umwone akiishi. Basi mnamo mwaka 1832 mama huyu akatengenezesha matangi ya kioo, akayajaza maji ya bahari, akawafuga pweza humo na kuwatazama siku baada ya siku. Akathibitisha kwamba gamba ni lao, wanalitengeneza wenyewe, na wakilivunja wanalitia kiraka wenyewe.

Hebu fikirini hilo. Kazi ya kwanza kubwa ya tangi la kioo katika sayansi ilikuwa kumtazama mnyama akirekebisha nyumba yake iliyovunjika. Sikulitunga mimi :-)

Huko London nako kulikuwa na daktari, Nathaniel Bagshaw Ward. Mnamo mwaka 1829 hivi aliweka buu la nondo ndani ya chupa yenye udongo na kuifunga. Badala ya nondo, kilichomshangaza ni mmea mdogo ulioota humo na kuendelea kuishi bila kumwagiliwa maji. Ward akaanza kutengeneza masanduku ya kioo ya kusafirishia mimea baharini, na hapo wazo la dunia ndogo iliyofungwa ndani ya kioo likaanza kusambaa.

Mwaka 1846 Anna Thynne alileta matumbawe hai London na kuyaweka hai nyumbani kwake. Hakuwa na pampu. Alichokuwa nacho ni mtumishi wa nyumbani, ambaye kazi yake ilikuwa kuyamimina maji ya bahari huku na huku mbele ya dirisha lililo wazi ili yapate hewa. Jina la mtumishi huyo halitajwi pamoja na la bibi yake. Kila nikisikia mngurumo wa pampu ndogo ya tangi ninamkumbuka yeye. Kabla ya umeme, pampu ilikuwa ni mikono ya mtu.

Aliyelifanya tangi liwe mfumo unaojiendesha ni mkemia Robert Warington. Alianza majaribio yake mwaka 1849 na kuyachapisha mwaka 1850. Aliweka pamoja samaki wa dhahabu, mimea ya majini na konokono. Mimea inatoa oksijeni, samaki wanaitumia, konokono wanakula majani yanayooza. Kila mmoja anategemea zao la mwenzake. Mtu yeyote aliyewahi kuandika programu yenye sehemu zinazopokezana kazi atauelewa mchoro huo bila kuelezwa mara mbili.

Halafu akaja Philip Henry Gosse. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, ya kwanza kwa umma, na Gosse alikuwa miongoni mwa waliohusika kukusanya viumbe wake. Mwaka 1854 akachapisha kitabu chake The Aquarium, na jina hilo ndilo lililobaki duniani kote.

KODI, CHUMA NA PUTI

Je, kwa nini yote haya yalitokea kwa pamoja, katikati ya karne ya 19? Sababu moja ni kodi. Uingereza ilikuwa ikitoza kodi ya kioo, na serikali ikaifuta mwaka 1845. Kioo kikashuka bei. Miaka 6 baadaye, mwaka 1851, London ikajenga lile jumba kubwa la maonyesho lililotumia karibu vipande 300,000 vya kioo. Nchi nzima ikapagawa na kioo.

Lakini kioo peke yake si tangi. Tangi ni vioo vitano, na vioo vitano vina viungo vinane: vinne chini, vinne pembeni. Historia yote ya tangi la samaki, ukiniuliza mimi, ni historia ya viungo hivyo vinane.

Watu wa zamani hawakuwa na gundi ya kushika kioo kwa kioo ndani ya maji. Wakafanya fremu ya chuma, sakafu ikawa bamba la jiwe, na vioo vikakaa ndani ya fremu kwa kutumia puti. Puti ni ule udongo wa mafundi wa madirisha, unga wa chokaa uliokandwa na mafuta ya mbegu za kitani. Sakafu ikiwa ya jiwe uliweza hata kuwasha taa ya moto chini yake ili kuwapasha joto samaki wa nchi za joto.

Mfumo huu ulidumu miaka mia moja na zaidi, na ulikuwa na kasoro zake. Puti hukauka na kugeuka ngumu kama jiwe. Ikishakuwa ngumu haifuati tena kioo kinapocheza, na kioo hucheza kila maji yanapoongezwa au kupunguzwa. Ndiyo maana tangi la zamani likimwagwa maji na kuachwa tupu kwa miezi, ukilijaza tena linavuja kila upande. Wengine waliichanganya puti na madini ya risasi ili iwe imara, na risasi ni sumu. Maji ya chumvi nayo yalikula chuma cha fremu. Kwa hiyo ukitaka kufuga samaki wa baharini nyumbani, tangi lenyewe lilikuwa adui wa kwanza wa samaki.

Wengi wakachoka. Katika miaka ya 1860 ile homa ya matangi Uingereza ikapoa, na mengi yakatupwa. Ila madhara yalikuwa yamefanyika. Edmund Gosse, mtoto wa yule Gosse, aliandika mwaka 1907 jinsi vidimbwi vya mawe vya pwani, alivyoviona utotoni vikiwa vimejaa uhai, vilivyokwanguliwa na makundi ya watu waliokuja kuchota viumbe wakiwa na vitabu vya baba yake mkononi. Liwekeni hilo akilini, tutalirudia.

KWA NINI UFA HAUZIBIKI

Sasa twende Farnborough, Uingereza, kwenye kituo cha utafiti wa ndege. Kijana mhandisi A. A. Griffith alikuwa na swali ambalo linaonekana la kitoto. Ukipiga hesabu ya nguvu zinazoshikanisha chembe za kioo, kioo kingepaswa kuwa imara kupindukia. Mbona basi kinavunjika kwa nguvu ndogo mara nyingi kuliko hesabu inavyosema?

Griffith alivuta nyuzi za kioo, nyembamba na nyembamba zaidi, akazipima. Uzi ukiwa mwembamba sana, uimara wake ulipanda na kukaribia ule wa kwenye hesabu. Jibu alilochapisha mwaka 1921 ni hili: kioo cha kawaida kimejaa mikwaruzo na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Nguvu ikivuta kioo haigawanyiki sawasawa, inakusanyika kwenye ncha ya ufa. Na ufa ukishafikia urefu fulani, kuendelea kupasuka kunakuwa rahisi kuliko kusimama. Hapo unakimbia wenyewe.

Chuma hakiko hivyo. Ncha ya ufa kwenye chuma hulainika kidogo na kuwa butu. Kioo hakina tabia ya kulainika, ncha ya ufa wake hubaki kali kama wembe.

Halafu kuna jambo baya zaidi kwa sisi wafuga samaki. Mwaka 1967 Mmarekani Sheldon Wiederhorn alichapisha vipimo vyake vya mwendo wa nyufa kwenye kioo, akionyesha kwamba unyevunyevu huziharakisha. Maji huingia kwenye ncha ya ufa na kukata vifungo vya kemikali vya kioo, kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo ufa ndani ya tangi unaweza kukaa kimya wiki nzima, nawe ukadhani umetulia, kumbe unatembea polepole. Siku moja usiku unafika urefu ule wa Griffith, na asubuhi unaamka miguu iko majini.

Ndiyo sababu silikoni iliyopakwa juu ya ufa haisaidii kitu. Inazuia maji yasitoke, lakini haiondoi ncha kali, wala haipunguzi nguvu inayoivuta. Kwenye kazi yetu ya programu kiraka mara nyingi kinatosha. Kwenye kioo kinachobeba maji, kipande kizima hubadilishwa.

KIOO KINACHOELEA, NA GUNDI INAYONUKA SIKI

Mambo mawili ya karne ya 20 yalibadilisha kila kitu.

La kwanza ni kioo chenyewe. Zamani kioo cha bapa kilikuwa na mawimbi, na ukikitaka kinyooke kabisa ilibidi kisagwe na kung'arishwa pande zote mbili, kazi ya gharama kubwa. Katika kampuni ya Pilkington huko St Helens, Alastair Pilkington na wenzake walianza mwaka 1952 kujaribu kumimina kioo kilichoyeyuka juu ya bati lililoyeyuka. Kioo kinaelea, kinajitandaza, uso wa chini unakuwa laini kama uso wa bati na wa juu unalainishwa na moto. Iliwachukua miaka 7. Walitangaza njia hiyo mwaka 1959, na sasa karibu kila dirisha unaloliona Nairobi, na kila tangi la samaki, ni kioo cha namna hiyo.

La pili ni silikoni. Frederick Kipping, profesa wa Nottingham, alitumia miongo kadhaa akichunguza misombo hii, na ndiye aliyeipa jina. Lakini katika miaka ya 1930 mzee huyo hakuona kama ingekuja kuwa na faida kubwa kwa watu. Wengine waliona tofauti. Mkemia J. Franklin Hyde wa kampuni ya kioo ya Corning aliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1943 ikaundwa Dow Corning. Kufikia miaka ya 1960 silikoni ya kwenye mrija, ile inayojikausha yenyewe kwa unyevu wa hewa, ilikuwa madukani. Mtu mmoja hapa, mwingine pale, wakaanza kuunganisha vioo vya matangi bila fremu yoyote.

Kwa nini ilifaa? Kwa sababu silikoni ya aina hii inashikana na kioo kwa kemia, si kwa kunata tu. Ikishakauka inabaki kama mpira. Kioo kikicheza, nayo inacheza. Maji ya chumvi hayaisumbui. Wakati wa kukauka inatoa asidi ileile iliyo kwenye siki, ndiyo maana inanuka kama kachumbari iliyozidishwa. Harufu ikiisha, sumu imekwisha. Ufugaji wa samaki wa baharini majumbani ulipata uhai kwa sababu chuma kilikuwa kimeondoka.

TANGI LA MJOMBA

Sasa tufike Kisumu. Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu wa baiolojia. Ana tangi lenye urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60, alilolinunua likiwa limeshatumika. Mtu aliyemtengenezea meza ya kulikalisha hakuinyoosha sawasawa, pembe moja ilikuwa juu kidogo kuliko nyingine. Mwaka huu kioo cha sakafu kikapata ufa kutoka pembe hiyohiyo, urefu wa kama sentimita 40. Maji yakaanza kuchuruzika chini ya meza.

Nilipofika, samaki walikuwa kwenye mapipa mawili ya plastiki, kichujio kikiendelea kuzunguka ndani ya pipa moja. Hapo mzee alifanya jambo la maana kuliko yote. Bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa kitu kisicho na sumu kali wanaishi ndani ya kichujio. Kikizimwa kwa muda mrefu wanakufa, na samaki watawafuata.

"Mjomba, hawa wataweza kukaa humu siku ngapi?" nilimwuliza.

"Mwanangu, swali si siku ngapi. Swali ni kama wewe na huyo fundi wako wa vioo mnajua mnachofanya."

Basi tukakaa chini kupiga hesabu. Maji yakijaa hadi ukingoni ni lita 648, yaani kilo 648. Lakini kinachosukuma kioo cha mbele si wingi wa maji, ni kina chake. Hili alilieleza Simon Stevin mwaka 1586. Kina cha sentimita 60 kinatoa shinikizo lilelile sebuleni kwa mjomba na katika Ziwa Victoria lote. Shinikizo ni sifuri juu na kubwa kabisa chini, wastani wake ukiuzidisha kwa eneo la kioo cha mbele unapata msukumo sawa na uzito wa kilo 324 hivi. Ni kama watu wanne au watano wazima wameegemea kioo hicho, usiku na mchana, bila kuchoka.

Nikaandika programu ndogo, mistari kama ishirini, inayotumia kanuni ya bamba lililoshikwa kingo tatu na kuachwa wazi juu. Kwa kioo cha milimita 10, uimara ni kama mara 2.4 ya nguvu iliyopo. Kwa milimita 12 ni kama mara 3.5. Watengenezaji wa matangi hulenga karibu mara 3.8, kwa sababu ya mikwaruzo ya Griffith ambayo hakuna anayeiona. Tangi la zamani lilikuwa la milimita 10. Ukiongeza mishipi ya kioo juu, mzigo unapungua, lakini programu ilikuwa inatuambia tusiishi kwa kubahatisha.

Jambo lililonishangaza katika programu hiyo ni jinsi kimo kinavyoumiza. Ukitaka tangi la umbo lilelile lakini kimo mara mbili, unene wa kioo hauongezeki mara mbili, unaongezeka karibu mara 2.8. Urefu ni wa bei nafuu, kimo ni ghali. Yeyote anayeota tangi la kufika dari na asome sentensi hiyo tena.

Fundi mmoja alitushauri tubandike kipande cha kioo juu ya ufa. Kwa tangi dogo huenda kikashika kwa muda. Kwa kilo 648 juu ya sakafu ya mbao na jirani anayeishi chini, mjomba alikataa. Kwa kuwa sakafu imeshikana na vioo vyote vinne, kuitoa ni kulifungua tangi lote. Bei ya vioo vipya ilizidi bei aliyolinunulia tangi. Akanyamaza kidogo, akatazama mapipa, akasema tuendelee.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi, kwa wale watakaohitaji:

1. Meza kwanza. Tuliinyoosha kwa pimamaji, pande zote na kwa mshazari, kabla ya kugusa kioo. Ukibadilisha kioo na kuacha meza ileile unanunua ufa mwingine.

2. Vioo vipya vya kawaida vya milimita 12, kingo zimesagwa. Vyote vitano vilikuwa na uzito wa karibu kilo 120. Kioo kilichopashwa joto na kupozwa kwa ghafla ili kiwe kigumu, kama kile cha pembeni mwa gari, hakikatwi baada ya kutengenezwa na kikivunjika kinasambaratika chote kwa mara moja.

3. Hakuna kubakiza silikoni ya zamani. Mishipi ya juu tuliyoitoa kwenye tangi lile tuliisafisha kwa wembe kisha asetoni, kwa sababu silikoni mpya haishikani vizuri na ile iliyokwisha kukauka.

4. Silikoni safi isiyo na dawa ya kuua kuvu. Ile ya bafuni mara nyingi ina dawa hiyo, na kinachoua kuvu hakimpendi samaki.

5. Tepu ya karatasi kando ya kila kiungo, silikoni ya kutosha, kioo juu yake bila kukikandamiza mpaka ikamuke yote. Lazima ibaki tabaka kama la milimita moja au mbili, huo ndio mpira unaocheza. Kisha kidole kimoja kinapita kwenye pembe mara moja tu, na tepu inatolewa kabla haijakauka.

6. Wiki nzima ya kusubiri. Inakauka kutoka nje kwenda ndani, kwa hiyo kile unachokigusa na kuona kimekauka hakikuambii kitu kuhusu kilicho katikati ya kiungo.

7. Bamba la stairofomu chini ya tangi, kisha maji: robo, nusu, robo tatu, hadi juu, kila hatua siku moja, karatasi kavu zimetandazwa kuzunguka ili hata tone moja lionekane.

BERLIN, ALFAJIRI

Msidhani haya ni matatizo ya watu wa silikoni na wembe peke yao. Ndani ya hoteli moja mjini Berlin kulikuwa na AquaDom, tangi la mviringo la akriliki lenye maji lita milioni moja na samaki 1,500 hivi. Lilikuwa limefanyiwa ukarabati kwa muda mrefu na kufunguliwa tena mwaka 2022. Alfajiri ya tarehe 16 Desemba mwaka huohuo likapasuka lote. Maji yakaibomoa sehemu ya chini ya hoteli na kutoka hadi barabarani. Watu wawili waliumia. Ingekuwa saa nne asubuhi, watu wakiwa wamejaa pale, tungekuwa tunasimulia msiba.

Wachunguzi walitaja sababu kadhaa zinazowezekana: kiungo cha gundi kushindwa, jeraha kwenye akriliki lililotokea wakati wa ukarabati, au akriliki kukauka kupita kiasi tangi lilipokaa tupu. Hawakuweza kuthibitisha moja. Tazameni orodha hiyo vizuri. Kiungo, mkwaruzo, na kukauka. Mafundi wa puti wa mwaka 1860 wangeitambua yote mitatu.

NA WALE WALIO NDANI?

Mtu anaweza kuuliza, gharama yote hii kwa ajili ya mapambo ya sebule? Nilimwuliza mjomba vivyo hivyo, ila kwa adabu.

Samaki wake ni fulu. Watu wa ziwa upande wa Tanzania huwaita furu. Ni wadogo, na zamani hawakuwa na heshima mezani mbele ya ngege. Lakini Ziwa Victoria lilikuwa na aina zinazokadiriwa kuwa 500 za samaki hawa, kila aina na meno yake, chakula chake na rangi zake. Katika miaka ya 1950 sangara, mnayemwita mbuta, aliingizwa ziwani. Miaka ya 1980 akaongezeka kwa kasi ya kutisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, waliokuwa Mwanza tangu mwaka 1977 wakihesabu aina za furu, walijikuta wanahesabu zinazotoweka. Aina kama 200 zinahesabiwa kuwa zilipotea au kubaki chache mno. Baadhi zimerudi kwa kiasi tangu miaka ya 1990, nyingine hazijaonekana tena.

Hata hivyo zipo aina ambazo leo zinaishi hasa ndani ya vioo, kwenye mabustani ya wanyama na nyumba za wafugaji huko Ulaya na Marekani, ambako kulianzishwa mpango maalumu wa kuzizalisha. Kuna fulu mmoja ambaye wafugaji wa huko wanamjua kwa jina la Hippo Point. Naam, Hippo Point yetu ya Kisumu! Mtu wa Ohio anaweza kuwa anamlisha samaki wa nyumbani kwa mjomba, huku mvuvi wa hapo Dunga akiwa hamjui.

Kwa hiyo kifaa kilekile kilichokwangua vidimbwi vya pwani ya Uingereza katika siku za Gosse ndicho kilichowahifadhi samaki wa ziwa letu. Mimi siwezi kukwambia tangi ni jema au baya. Naweza kukwambia kwamba mjomba alianza na fulu sita aliopewa na wavuvi, na aliokuwa nao kwenye mapipa walikuwa 23, kizazi cha tatu. Fulu jike hubeba mayai mdomoni na halili mpaka watoto watoke. Wakati sisi tunasubiri silikoni ikauke, jike mmoja alikuwa pale kwenye pipa, taya limevimba, amegoma chakula. Mzee aliamka kila usiku kumtazama kwa tochi.

Tangi lilijazwa siku ya kumi na mbili. Karatasi zote zilibaki kavu. Jike yule aliachilia watoto wake ndani ya maji mapya siku nne baadaye, na walipohesabiwa walikuwa kumi na saba.

Kama unalo tangi nyumbani, fanya jambo moja leo kabla hujalala: chukua pimamaji uipime meza, kisha pitisha kidole kwenye pembe zote nne za chini kutafuta unyevu. Programu yangu ya kukokotoa unene wa kioo ni mistari michache tu, nikishaipanga vizuri nitaiweka hapa na maelezo yake, pamoja na njia ya kukadiria mishipi ya juu.

Haya, kwaherini kwa sasa. Mbaki salama, na wakavu :-)